Bakshishi Itolewe kwa Fedha Gani?

KILA kaskazi inapoanza kuvuma, meli kubwa za watalii huanza kuonekana katika bandari ya Malindi. Abiria hushuka asubuhi, huzunguka Mji Mkongwe, huenda kutazama mashamba ya viungo, na ikifika magharibi wengi wao wamekwisha rudi melini. Katika saa hizo chache hutoka mikononi mwao fedha zisizoandikwa katika risiti yoyote: bakshishi ya mahamali, ya madereva, ya waongozaji na ya manahodha wa mashua za kwenda Changuu. Kiasi chake hatukijadili leo. Tunalotaka kulizungumzia ni aina ya fedha yenyewe.

Hamali mmoja wa bandarini ametuonyesha kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za euro. Amepewa kwa nia njema na watu walioamini kuwa wamempa fedha. Lakini maduka ya kubadilishia fedha hununua noti, hayanunui sarafu za kigeni, na noti ndogo kabisa ya euro ni ya 5. Kwa hiyo hamali huyu, ili apate kununua unga, hana budi kumfuata mtalii mwingine njiani na kumsihi ampe noti achukue sarafu. Mtalii humtazama kwa shaka, na apitaye humdhania papasi. Mtu aliyebeba mizigo tangu alfajiri akapata riziki yake kwa njia ya halali, anageuzwa ombaomba na namna aliyolipwa.

Wapo wanaodhani dola ndiyo dawa, kwa kuwa ina noti ya 1. Si dawa kamili. Noti ndogo hununuliwa kwa bei ya chini kuliko ya 50 au ya 100. Iliyochanika au kuandikwa wino hurudishwa. Na iliyotolewa kabla ya 2006 mara nyingi hukataliwa kabisa. Mgeni hana habari ya hayo. Hutoa ile iliyochakaa mfukoni mwake, ambayo kwao ni fedha na kwetu ni karatasi.

Haki lakini ina pande mbili. Ndani ya meli hizo mna mabaharia, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India, ambao nao hutegemea bakshishi. Katika meli nyingi huongezwa kila siku katika hesabu ya abiria kwa fedha itumikayo melini, aghalabu dola, na abiria akipenda humwongezea mkononi yule aliyemhudumia. Baharia huyo leo yuko Unguja, keshokutwa yuko Mombasa au Shelisheli. Abiria anayemaliza shilingi zilizombakia kwa kumpa mhudumu wa chumba chake, anamtendea yale yale aliyotendewa hamali wetu. Baharia apewe dola. Mtu wa Malindi apewe shilingi, kwani kwa shilingi ndiyo anunuliavyo mchele, alipiavyo nauli ya daladala na madaftari ya watoto wa skuli.

Visiwa hivi vimeona fedha nyingi za watu. Riale ya Maria Theresa imepita hapa, rupia ya Kihindi ikatumika hadi 1936, ikafuata shilingi ya Afrika Mashariki, na tangu 1966 tunayo shilingi ya Tanzania. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipia bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni. Bakshishi ni hiari, si bei, wala hatutaki kumwona hamali akisumbuliwa kwa ajili ya dola moja. Ila tusistaajabu mgeni akidhani shilingi haina kazi hapa, ikiwa hata bima ya lazima ya wageni, ilipoanza Oktoba 2024, ilitangazwa kwa dola 44. Twawaambia haya wakubwa wetu kwa heshima, lakini twawaambia.

Wala sisi wananchi hatuna usafi kamili. Wapo waongozaji wanaokunja uso wakipewa noti ya shilingi 5,000, wakaipokea dola 1 kwa tabasamu, ilhali ile ya kwanza ndiyo kubwa!

Abiria hakatai shilingi kwa dharau. Ana saa chache, hajui abadilishe wapi, na anachelea kubaki na noti ambazo kwao hazina mnunuzi. Wakuu wa bandari na mabenki wanaweza kuliondoa tatizo hili. Dirisha la kubadilishia fedha liwe wazi tangu meli inapofunga gati, bila kungoja saa za benki. Liwe na noti za 1,000, 2,000 na 5,000 za kutosha. Na jioni limrejeshee dola yule aliyebakiwa na shilingi. Mawakala wa meli nao wawaeleze abiria mapema, kabla hawajakanyaga gati, kwamba sarafu zao waziache melini.

Ama lile kopo la hamali wetu, tumelinyanyua na ni zito. Ingefaa benki mojawapo ijitolee kukusanya sarafu za namna hiyo, japo mara moja kila msimu, na kuzirejesha zilikotoka.