Kaseti ile, usiitupe



Jumamosi iliyopita, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, mtoto wa mama mwenye nyumba alifungulia mziki katika chumba cha pili. Gitaa ilinguruma kama nyuki waliofungiwa ndani ya ndoo. Mama mmoja akapaza sauti: "We mutoto, punguza makelele hayo ya Wazungu!" Kijana akatoka na telefone mkononi, akacheka. "Mama, hawa si Wazungu. Ni Wazambia, na ni wazee wa rika lenu."

Tukamwomba akae atueleze. Mwishowe pesa tulizihesabu giza limeshaingia.

Alichokuwa anasikiliza ni mkusanyo wa nyimbo uitwao Welcome to Zamrock!, uliotolewa Marekani mwaka 2017, sehemu mbili. Zamrock ni roki ya Zambia ya miaka ya 1970. Ilizaliwa zaidi katika miji ya shaba, kama Kitwe na Ndola, ng'ambo tu ya Kasumbalesa. Vijana wa kule walisikia roki ya Uingereza na Marekani, ile ya kuzungusha akili, gitaa ikipitishwa katika kifaa cha kukanyaga kwa mguu mpaka sauti inapasuka. Walisikia pia rumba yetu ya Kongo iliyojaa kule. Wakachanganya na ngoma za nyumbani. Wengi waliimba Kiingereza, wengine Kibemba na Kinyanja. Rais Kaunda naye aliagiza redio ipige zaidi mziki wa Zambia, basi vijana wakapata nafasi.

Kundi lililojulikana kuliko yote liliitwa WITCH. Ndiyo, wamama, ni neno la Kiingereza la mchawi. Tuliposikia hivyo wengine tulishika kichwa. Lakini kijana alitueleza kwamba herufi zile ni kifupi cha maneno ya kusema "tunakusudia kuleta vurugu". Ni majigambo ya ujana tu. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kwa sababu ya Mick Jagger wa Uingereza. Wamama wa siku zile bila shaka waliwaombea sana watoto hao, na nywele zao, na suruali zao pana.

Kisha mambo yakageuka. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka. Sisi watu wa Katanga hatuna haja ya kuelezwa: shaba ikianguka, sahani ya bukari inapungua, na hakuna anayenunua disiki. Makundi yakavunjika. Baadaye ikaja SIDA, wakati dawa hazijafika, ikawachukua wanamziki wengi. Jagari alikuwa mwalimu, kisha akaenda kuchimba vito ili alishe nyumba yake. Wale waliopiga naye miaka ile ya sifa walikufa mmoja mmoja, yeye akabaki.

Kwa miaka mingi nyimbo zile zilikuwa kama zimezikwa nao. Zilirudi kwa sababu kuna disiki zilizobaki katika nyumba za watu, na kwa sababu watu wa disiki walikwenda kuwatafuta wazee walio hai wakawauliza: nani alipiga hapa? Nani aliimba? Sauti zikasafishwa, mikwaruzo ikapunguzwa, zikatolewa upya pamoja na kitabu cha picha na habari. Jagari alipanda tena jukwaani, huko Ulaya na Marekani pia, na mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya, Zango. Humo anaimba Sampa the Great, binti aliyezaliwa Zambia, ambaye mjomba wake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi hilo. Mtoto wa ukoo amekuja kuimba pale mjomba alipoachia.

Hapo tulinyamaza, maana kila mmoja alifikiri jambo moja.

Wengi wenu mnamkumbuka mwimbishaji wetu wa kwanza, aliyetutangulia mbele ya Mungu. Alipofariki, binti yake mdogo alikuwa na miaka minne. Mwaka jana binti huyo, sasa naye ni mama, alikuja kutuomba jambo dogo: kaseti ya kwaya, apate kusikia sauti ya mama yake. Tulifurahi, tukatafuta, tukaiona. Tulipoiweka katika redio, ikatoka sauti ya mtu anatangaza mechi ya mpira. Mmoja wetu aliirudia kurekodi juu yake, na hakuna anayekumbuka ni nani. Binti alisema, "Si kitu, wamama." Lakini lilikuwa kitu. Tulimwona alivyofunga kikwembe chake na kuondoka polepole.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Wakati ule tulidhani mwimbaji atakuwapo siku zote, na kaseti zilikuwa na bei. Hata wale wa Zambia hawakujua kwamba kelele zao zitakuwa mali.

Basi tunaombana mambo matatu. Kwanza, kila mama atazame katika sanduku na chini ya kitanda, na alete kaseti za kwaya, za harusi na za matanga siku ya mkutano. Tusizisafishe kwa maji, na tusizianike juani. Pili, tukae na wazee wetu tuandike juu ya kila moja majina ya wanaosikika, wimbo, na mwaka kama unajulikana. Sauti bila jina hupotea mara ya pili. Tatu, vijana wetu wenye telefone watusaidie kuziingiza humo na kuziweka mahali zaidi ya pamoja. Kijana yule wa makelele amekwisha kukubali.

Na akifungulia tena gitaa zake, tumwambie apunguze kidogo, lakini asizime. Pengine tumebaki na kaseti moja ambayo haijafunikwa na mpira, na binti yule bado anangoja.

Tuonane Jumamosi.