Dumu la Moshi Chini ya Kitanda

Mama mmoja wa Liganga, mkoani Njombe, ametuandikia jambo ambalo tunaamini si la nyumba yake peke yake. Mdogo wa marehemu mumewe huja jioni na dumu la lita tano, hulisukuma chini ya kitanda cha watoto na kusema, "Shemeji, nihifadhie tu mpaka alfajiri." Mama huyu hanywi wala hauzi. Anauliza: je, ana kosa?

Mbele ya dola, jibu ni zito kuliko anavyodhani. Gongo, ambayo hati za mashtaka huiita pombe ya moshi, ina sheria yake, Namba 62 ya mwaka 1966, na kosa linaloandikwa katika hati hizo mara nyingi si kunywa, bali ni kupatikana nayo. Upande wa mashtaka hauna haja ya kumnusa mtu kinywa. Ukithibitisha kwamba kitu hicho ni moshi, kwamba kilikuwa katika himaya yake na kwamba alikuwa na habari nacho, umefika. Na habari anayo. Ameiandika kwa mkono wake. Siku askari watakapobisha hodi, shemeji huenda akawa safarini. Atakayepandishwa kizimbani ni mwenye nyumba, na watoto watalala kwa jirani.

Katika dini yetu nako hakuna pa kujificha. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah inawataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya kileo, wakiwemo mkamuaji, mbebaji, anayebebewa, muuzaji na mnunuzi. Mwenye kukihifadhi, akijua kinakokwenda, hawezi kujiona yuko mbali na kundi hilo. (Ulanzi wa huko ni mlango mwingine. Wa siku ya kwanza ni mtamu tu. Wa siku ya tatu hatuna haja ya kuueleza.)

Lakini tunalo la kusema ambalo wengine hawatalipenda. Makambako, pale barabara kuu ya Zambia inapokutana na reli ya TAZARA, mwenye baa yenye leseni hulala usingizi wake, na mjane mwenye dumu moja hulala mahabusu. Leseni ya dola haihalalishi kileo mbele ya Mwenyezi Mungu. Wala hatuwaungi mkono wanaochungulia madirisha ya jirani. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (RA) alipanda ukuta akamkuta mtu na kileo, naye akamjibu kuwa kama yeye ameasi mara moja, Khalifa ameasi mara tatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akamwacha.

Basi mama amwambie shemeji mbele ya mzee wa ukoo kwamba dumu lisivuke tena kizingiti. Asilinyamazie kwa haya, na asingoje msako.

Ugumu wenyewe ameuweka mwishoni mwa barua: shemeji huyo ndiye anayenunua sare na madaftari. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini amenyamaza muda wote huu. Watoto ni watatu. Sare tatu haziwashindi jamaa wa msikiti mmoja, na fungu la mafakiri katika zaka limewekwa kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Kwa idhini yake tumempelekea habari imamu wa karibu naye. Dumu hatukulitaja.