Udhaifu wa Mgonjwa Usipuuzwe



Enyi mama zetu na ndugu zetu katika imani, juu ya kila figo Mwenyezi Mungu ameweka tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hiyo hutoa homoni ya kotisoli, iuwezeshayo mwili kustahimili maradhi na njaa. Homoni hiyo ikipungua, mtu hudhoofika, hukosa hamu ya kula, hukonda, na hushikwa na kizunguzungu asimamapo.

Jambo hili lawahusu sana wenye limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, kwa sababu mbili. Kwanza, saratani yenyewe yaweza kuenea katika tezi hizo ikaziharibu; hapo hata ngozi huweza kuwa nyeusi kuliko kawaida. Pili ni dawa. Katika tiba mashuhuri ya limfoma, mgonjwa hupewa prednisoloni kwa siku 5, aghalabu miligramu 100 kwa siku, na duru hiyo hurudiwa kila siku 21. Dawa hii hushika nafasi ya kotisoli, nazo tezi hulala. Dawa ikikoma, huenda tezi zikachelewa kuamka.

Katika hali hiyo, homa au kuhara kwaweza kumwangusha mgonjwa: akatapika, presha ikashuka, akili ikamchanganyika, akazimia. Msiseme ni jini, mkangojea kombe. Hiyo ni dharura, na tiba yake ni sindano ya haidrokotisoni na maji ya mshipani. Kisomo kisomwe njiani, gari likielekea hospitali.

Wako pia wanaoacha vidonge mchana wa Ramadhani kwa kuchelea saumu. Surat al-Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na asiyetarajiwa kupona, wanazuoni wamesema atoe fidya kwa kulisha maskini. Basi aliyeandikiwa vidonge vya kila siku asiviache ghafla wala asivipunguze ila kwa kauli ya tabibu.

Nawe unayeuguza, usimwite mgonjwa wako mvivu. Mweleze daktari udhaifu wake, na kila hospitali muingiayo, tajeni kwamba ametumia prednisoloni. Mwili ni amana, na kuuchunga ni ibada.

Wabillahi tawfiq.