Gunia Moja, Watu Wanne

Kaa kidogo kwenye benchi ya wanamotari hapa kwetu Ituri, pale Bulevadi ya Ukombozi, usikilize. Kijana anapita, mwendo laini, shati limembana. "Ule ni pede." Jirani ana miaka arobaini, hana bibi: pede. Mwalimu kanaswa na mtoto wa shule: pede. Na yule baba aliyerudi kutoka msituni akiwa kimya, hakai sawasawa, haangalii watu machoni: naye, kwa kunong'onezana, pede. Watu wanne wametiwa gunia moja, na sisi tumeshalifunga mdomo.

Neno lenyewe ndilo mchawi wa kwanza. Pede tumelikata kutoka Kifaransa, pédéraste, lililomhusu mtu mzima anayewaingilia wavulana. Kwa hiyo kila tukilitamka tunampika mbakaji wa watoto na mtu mzima anayempenda mtu mzima mwenzake katika chungu kimoja. (Pwani wao wana "shoga", ambalo hadi leo wanawake huitana kwa urafiki tu, tusi lilipandishwa juu yake.) Mbakaji anaufurahia sana mchanganyiko huu. Macho yote yakiwa kwa kijana wa shati la kubana, nani atamtazama yeye?

Wapo wanaume ambao moyo wao unaelekea kwa wanawake, wapo ambao unaelekea kwa wanaume wenzao, wapo wa pande zote mbili, na wapo ambao jambo hili haliwasumbui kabisa. Wanawake vilevile. Wewe uliyekunja uso, nani alikufundisha kupapatika ulipomwona binti wa jirani kule Mudzipela? Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Ubakaji ni kitu kingine. Anayebaka mateka wake hampendi mtu, anamvunja adui.

Na Ituri ndiyo ingepaswa kuwafundisha wengine tofauti hiyo. Tarehe 8 Julai 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia kamanda wa wanamgambo Bosco Ntaganda hatiani kwa makosa 18 yaliyotendeka hapa kwetu mwaka 2002 na 2003, ubakaji ukiwemo, na miongoni mwa waliobakwa walikuwamo wanaume. Akapewa miaka 30. Mwaka 2010 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi uliofanywa Ituri na Kivu zote mbili: katika kila wanaume 100 walioulizwa, karibu 24 walisema wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Karibu mmoja kwa kila wanne! Hesabu wanaume wa kartie yako, ndugu yangu, halafu niambie wako wapi. Sheria ya 20 Julai 2006 inamtambua mwanaume aliyebakwa, na adhabu ya mbakaji ni miaka mitano hadi ishirini. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu anayeogopa kufungua kinywa mbele ya daktari kwa sababu anajua jina atakalotoka nalo.

Wataniambia: mapenzi ya jinsia moja ni mambo ya Wazungu. Sawa, tuwatazame Wazungu. Sheria ya adhabu ya mwaka 1940 aliyotuachia Mbelgiji haina kosa hilo. Waganda walilirithi kwa Mwingereza, na Machi 2009 mhubiri wa Kimarekani, Scott Lively, akaja Kampala kuchochea moto. Mwaka 2023 wakafika kwenye adhabu ya kifo. Bidhaa zetu zinatoka Kampala kupitia Mahagi, na chuki nayo imepanda lori hilohilo. Kinshasa miswada ya kuharamisha ililetwa 2010 na 2013, ikakwama. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Hakisemi popote kwamba jirani apigwe mawe.

Baba mapasta na mapadri, najua mnanisubiri. Januari 2024 Kardinali Ambongo alitia sahihi barua ya maaskofu wa Afrika iliyokataa kubariki wapenzi wa jinsia moja. Kanisa lina haki ya kukataa kubariki. Ila barua ileile ilisema watu hao watendewe kwa heshima na utu. Mstari huo mimi bado sijausikia ukipigiwa kelele kwenye spika.

Mnataka kujua gunia letu linaua namna gani? Kampala kuna Refugee Law Project, ofisi ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyokuwa ikiwasaidia wanaume wakimbizi waliobakwa, Wakongomani wengi kati yao. Machi 2014, wiki chache baada ya rais wa Uganda kutia sahihi sheria yao wenyewe ya kwanza dhidi ya ushoga, serikali iliizuia kufanya kazi na wakimbizi. Shitaka? Kueneza ushoga. Mwanaume alibakwa na wenye bunduki, akavuka mpaka kutafuta dawa, na mlango wa dawa ukafungwa kwa jina lile lile alilolikimbia.

Jina hilo leo limetamkwa tena pale benchi, na mimi nilikuwepo, nikacheka pamoja nao kwa kuogopa wasije wakanigeukia.