Safura Si Kioja

Wapo watu wanaokusanya filamu za kale za tiba kama wengine wanavyokusanya stempu. Kadiri mwili wa mgonjwa unavyotisha ndivyo filamu inavyotafutwa. Na ikiwa nakala zake hazipatikani, basi ndiyo raha yenyewe. Mimi nikiwa hapa Amani sioni cha kufurahia.

Ng'ambo ya bonde la Lwengera, kule Vugiri, ndiko yalikokuwa makao ya Bantu Educational Kinema Experiment, mradi wa miaka ya 1935 hadi 1937 uliolipiwa na Shirika la Carnegie la Marekani. Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza filamu kama 35 za milimita 16, maelezo yake yakitoka kwenye santuri, wakazizungusha vijijini kwa lori. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, nazo zimo Uingereza. Moja ni Tropical Hookworm ya mwaka 1936, filamu ya safura.

Kitisho kipo, sikatai. Kiluwiluwi cha mnyoo huyu hutoboa ngozi ya mguu mtupu, hufuata damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa. Kisha mnyoo hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya. Mkusanyaji husisimka. Lakini mwenye safura kwetu si zimwi la sinema. Ni mtu aliyepauka, anayehema akipanda kilima, na ambaye mnyapara wa shamba humwita mvivu.

Na huo uadimu wanaousifu ni nini, kama si matokeo ya uzembe? Filamu zaidi ya 30 zimepotea, nasi tunaambiwa tushangilie thamani ya zilizobaki! (Mnyoo mwenyewe hakuwa adimu hata siku moja.) Jina la Notcutt wanalo midomoni, bado sijakutana na mkusanyaji aliyeuliza majina ya wanakijiji waliosimama mbele ya kamera yake.

Watanijibu kwamba unyevu wa Usambara ungeiozesha filamu. Kweli, ungeiozesha. Basi ya asili ibaki kwenye baridi ya Uingereza, sisi tuletewe nakala. Siku hizi nakala huingia katika kidude kidogo kuliko kidole. Ionyeshwe Vugiri kwanza, kwa shuka jeupe na jenereta, wazee wakae mbele, na awepo mtu mwenye daftari wa kuandika watakapoanza kusema yule ni nani, na kile ni kilima kipi.