Tuchague Linux Moja, Tuache Kuhamahama

SAFU: MAMBO YA MTAA
Na Kalenga Mutombo, Kasulo, Kolwezi

Vijana wa mashini hapa Kasulo wana mchezo wao. Leo mtu ana Ubuntu, mwezi ujao ana Fedora, ukikutana naye tena ameshahamia Linux Mint, na kila mara anaapa kwamba safari hii amefika. Siwalaumu. Mifumo huria haina mwenye kukudai ufunguo wala malipo, na kuijaribu ni elimu tosha. Ila nina neno nao: kuhamahama ni starehe ya mtu mwenye intaneti ya bei rahisi. Sisi tunaonunua giga huku tunahesabu faranga, tungefaidi zaidi kama mtaa mzima ungekubaliana juu ya mfumo mmoja.

Na wakati wa kukubaliana ni huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo nyingi zilianza kutoka mwaka 2018 hivi. Ukiwa na kompyuta ya mtumba ya kabla ya hapo, inawaka vizuri na inaandika vizuri, lakini mlango umefungwa. Ukiweka Linux nyepesi, inaendelea na kazi.

Mtu ataniambia: tuna Windows ya kuvunja, nayo haituombi kitu. Inaomba sana. Simama kidogo kwenye duka la kuchapa na fotokopi uone. Mteja anachomeka flashi, na badala ya folda zake anakuta njia za mkato tupu, virusi vimezificha. Chomeka flashi hiyo hiyo kwenye Linux: folda zinaonekana zote, hata zile zilizofichwa, na vijifaili vya mkato vimekaa pembeni vikingoja kufutwa. Unavifuta, unachapa barua, mteja anaondoka. Virusi hivyo viliandikwa kwa ajili ya Windows, huku havina pa kushika.

Hata hivyo, kuhama kuna visa vyake. Kibodi zetu ni za Kifaransa, AZERTY. Ukiwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kuchagua lugha, yenyewe hudhani una kibodi ya Marekani. Unabonyeza A, inatoka Q. Unabonyeza Z, inatoka W. M imegeuka nukta mkato. Kwenye barua utaliona kosa, lakini kwenye nenosiri unaona vinukta tu. Mtu anaweka nenosiri kwa kibodi moja, akiwasha tena mfumo umeshika kibodi nyingine, na tayari amefungiwa nje ya mashini yake mwenyewe.

Kisha kuna barua ya kuomba kazi mgodini. Iliandikwa kwenye Word kwa fonti ya Calibri, ikafunguliwa kwenye LibreOffice isiyo na fonti hiyo. Mistari inasogea, sahihi inaangukia ukurasa wa pili peke yake. “Mwanangu, mbona barua yangu imekuwa hivi?” mama anauliza, na ana haki ya kuuliza. Dawa ipo: fonti ya Carlito ina upana uleule wa Calibri, na barua ya kutumwa kampuni igeuzwe PDF kabla haijaondoka.

Visa vyote hivi vina dawa, na ukishaijua dawa umeijua. Tabu ni kwamba fundi wa Fedora anatumia vifurushi vya .rpm, wa Ubuntu na Mint anatumia vya .deb, alichopakua huyu hakimfai yule. Fedora hutoa toleo jipya kila miezi sita hivi, na kila toleo huhudumiwa kwa miezi kumi na mitatu tu au karibu na hapo. Na kupakua si mchezo. Faili la Mint linakaribia giga 3, la Ubuntu 24.04 linakaribia giga 6. Hadi mwaka 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa posta. Siku hizi mzigo ni wako, na umeme ukikatika katikati ya safari, forfe ya intaneti uliyonunua imekwenda na maji.

Kasulo tunajua maana ya kila mtu na lake. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba zetu, kila kiwanja kikatoboa shimo lake. Kwenye mashini hatuna sababu ya kurudia hayo.

Pendekezo langu ni Linux Mint, ile nyepesi iitwayo Xfce. Mashini yenye RAM ya giga 4 inaibeba bila kuhema, na toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Mmoja apakue, wengine wanakili. Mfumo uagizwe utunze vifurushi vya masasisho badala ya kuvifuta, navyo vihamishwe kwa flashi nyumba kwa nyumba: lugha ya Kifaransa, fonti, programu za printa.

Najua nitaambiwa kwamba uhuru wa kuchagua ndio roho ya programu huria. Kweli, lakini uhuru haupungui watu wakichagua pamoja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Kazi ya namna ile haifanywi na watu ambao kila mmoja anavuta kwake.

Anayetaka kuonja Fedora aionje kwenye flashi, bila kugusa diski. Lakini mashini ya mwalimu, ya duka la fotokopi na ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi (UNIKOL) ziwe na mfumo mmoja, ili mtu akikwama apate jibu kwa jirani, si kwa forfe nyingine. Fundi atakayekuwa wa kwanza kubandika mlangoni “Mint ya Kifaransa ipo, lete flashi tupu” hatakosa wateja. Alipishe kazi yake tu, maana nakala yenyewe haina bei.