Mnyauko wa Nyanya Mtera

Mkulima wa bustani kandokando ya Bwawa la Mtera aonapo nyanya zake zimenyauka mchana, hukimbilia ndoo. Lakini si kila mnyauko ni kiu. Aung'oe mche mmoja: mizizi iliyojaa vinundu ni kazi ya minyoo fundo, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Walimu watahadharishe hapa. Vinundu vyenye manufaa vya maharage hubanduka kwa ukucha. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura.

Wapo wanaoharakia kumwaga sumu ardhini. Jambo hilo halikubaliki kamwe, maana sumu ya ukingoni huweza kuishia katika maji yale yale yanayovuliwa samaki. Dodoma ina jua la kiangazi, ambalo hupunguza minyoo udongo ukifukuliwa na kuachwa wazi majuma kadhaa. Yapo pia marejea, mbolea ya kijani iliyohimizwa sana na Peramiho miaka ya 1980. Mtama au karanga zifuate nyanya, si bamia wala biringanya. Na mizizi ing'olewe ichomwe baada ya mavuno. Kuiacha ni kuwawekea minyoo akiba.

TANU ilipotangaza Siasa ni Kilimo mjini Iringa mwaka 1972, haikukusudia bwana shamba abaki mezani akihesabu ekari. Shule zenye bustani ziandae matuta mawili, moja la marejea, jingine la nyanya zilizorudiwa. Msimu ufuatao zipandwe nyanya kote, kisha bwana shamba aing'oe miche mbele ya wanafunzi na wazazi wao.